Mwaka 1996, Meli, na Mkungu Uliofika Buhongwa

KOKU: Mwangaluka, Masanja.

MASANJA: Mwangaluka. Mhaya akikuanza kwa Kisukuma, ujue ana deni lako. Koku, mkungu wangu uko wapi?

KOKU: Ngoja kwanza. Wasikilizaji hawajui nimetoka wapi.

MASANJA: Wanajua. Wiki iliyopita uliaga humuhumu, ukasema unakwenda Bukoba kumwona mama, na ukaahidi mbele ya watu wote mkungu wa ndizi. Mkubwa. Ulisema mkubwa.

KOKU: Nimeuleta. Nimekuja nao kwa meli.

MASANJA: Kwa kitu gani?

KOKU: Kwa meli.

MASANJA: Wewe? Koku wa mama Koku, umepanda meli?

KOKU: Nimepanda. Mnaomfahamu mama yangu kupitia kipindi hiki mnajua kwamba kwetu meli ilipigwa marufuku tangu mwaka 1996. Mimi nimesoma Mwanza sekondari yote, na likizo zote nimezunguka na basi. Bukoba, Muleba, Biharamulo, Geita, tunakuja kusimama Busisi tunasubiri kivuko. Na hicho kivuko chenyewe, dakika chache tu za maji, mama alikuwa ananisalia rozari.

MASANJA: Sasa hivi pale kuna daraja.

KOKU: Tangu Juni 2025 kuna daraja, basi linapita juu ya maji kilomita 3 bila kusimama, mama amefurahi kuliko wabunge. Kwa hiyo sikuwa na sababu yoyote ya kupanda meli. Lakini mwaka huu inatimia miaka 30, na mimi darasani nafundisha historia ya nchi hii kwa watoto waliozaliwa baada ya hapo, nikajiuliza, hivi naifundishaje safari ambayo sijawahi kuisafiri? Nikakata tiketi. Nikamwambia mama jioni, begi liko mlangoni.

MASANJA: Akasemaje?

KOKU: Alinyamaza. Nikadhani atalia, au atanifungia mlango. Kisha akaniuliza swali moja tu. Hakuuliza bei, hakuuliza kama kuna maboya ya kujiokolea. Aliuliza, "Wamekuandika jina?"

MASANJA: Ee.

KOKU: Nikamwambia wameandika, nimeonyesha na kitambulisho. Akasema waandike na jina la baba.

MASANJA: Hapo ndipo leo tulitaka kufika. Ndugu wasikilizaji, leo tumepanga mwaka mmoja tu, 1996, Tanzania. Nimeandika hapa mambo matano. La kwanza, Tume ya Warioba kuhusu rushwa. La pili, MV Bukoba, meli iliyopinduka Ziwa Victoria. La tatu, mazungumzo ya Burundi yaliyofanyika hapahapa Mwanza. La nne, kuanza kwa TRA, Mamlaka ya Mapato. La tano, wakimbizi wa Rwanda kurudi kwao. Halafu mwisho mafunzo matatu, nayo nimeyaandika. Tuanze na Warioba.

KOKU: Tuanze.

MASANJA: Ila kabla ya Warioba. Umesema umeuleta. Mbona sijauona?

KOKU: Masanja, siku ile niliposhuka bandarini asubuhi, nikamwita kijana wa bodaboda ninayemfahamu, nikamwambia peleka Buhongwa kwa Masanja fundi. Akanipigia akasema amemkabidhi mama Kulwa mkononi.

MASANJA: Nyumbani kwangu hakuna mkungu. Nimekula ugali na dagaa juzi, jana, na leo asubuhi nimekunywa chai na michembe.

KOKU: Basi muulize mke wako.

MASANJA: Nitamuuliza. Warioba. Mzee Mkapa ameapishwa Novemba 1995, rais wa kwanza kutoka kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Januari 1996 anaunda tume, mwenyekiti Joseph Warioba, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Kazi yao ni kueleza rushwa nchi hii iko wapi na inapitaje. Mwisho wa mwaka ripoti ikatoka, nene, na imetaja idara kwa idara. Polisi, mahakama, ardhi, afya, elimu. Mimi nilikuwa mdogo, lakini baba alikuwa na redio ya betri, na nakumbuka wazee walikuwa wanakaa kuisikiliza kama wanasikiliza mpira.

KOKU: Na kilichowashangaza watu si kwamba rushwa ipo. Kila mtu aliijua. Kilichowashangaza ni kuisikia serikali yenyewe ikiisema, tena kwa kutofautisha rushwa ya mdogo anayetafuta mboga na rushwa ya mkubwa anayetafuta utajiri. Wanafunzi wangu hapo huwa wanaamka.

MASANJA: Basi hilo la kwanza. La pili...

KOKU: Mpigie mama Kulwa.

MASANJA: Sasa hivi?

KOKU: Umeniita mdaiwa hewani. Nisafishwe hewani.

MASANJA: Haya. Naweka spika. (Simu inaita.) Mama Kulwa, tuko hewani. Eti kuna mkungu uliletwa hapo?

MAMA KULWA (kwenye simu): Ulifika, mbona. Tangu siku ile. Wifi Koku, asante sana, ni mkubwa jamani!

KOKU: Umesikia? Wifi, ubarikiwe. Mmeshakula?

MAMA KULWA: Bado. Bibi ameufunika kwenye gunia kule stoo.

KOKU: Ameufunika kwa nini?

MAMA KULWA: Uive.

KOKU: Uive? Wifi! Zile ni ndizi za kupika!

MAMA KULWA: Na mimi nilisema. Bibi akasema ndizi haiwezi kuliwa mbichi, labda wanaoileta wana haraka zao.

MASANJA: (Anacheka.) Mama yangu ametoka Ngudu wiki mbili zilizopita, hilo ni lake, sihusiki.

KOKU: Mama Kulwa, wifi yangu, nakuomba, nenda stoo sasa hivi. Fungua gunia. Kama bado ni kijani menya leo, weka na maharage, weka nyanya, weka mafuta kidogo tu, usitie nazi.

MAMA KULWA: Nikifungua bibi atanifukuza. Subirini niongee naye vizuri, nitawapigia.

MASANJA: Sawa, mama Kulwa. (Anakata simu.)

KOKU: Ta Masanja. Mkungu umelala usiku kucha ziwani, umevuka salama, umekuja kuzikwa kwenye gunia Buhongwa.

MASANJA: Sisi mtu akikuletea chakula unakihifadhi. Kiazi ukikivuna unakikata, unakianika, kinakuwa mchembe, unakaa nacho hadi njaa ije ikukute umekaa. Ndizi haianikwi, bibi ameona njia iliyobaki ni kuisubiri.

KOKU: Mimi ninavyojua ndizi haisubiri mtu. Kule kwetu shamba liko mlangoni kwa sababu hiyo, unakata leo unapika leo. Na ndiyo maana meli ilikuwa uhai wa watu wa Bukoba, nielewe hapo. Mahindi yanaweza kukaa kwenye lori siku nne. Mkungu ukikaa siku nne njiani umeshauza hasara. Mwaka 1996 barabara ya kuja huku haikuwa na lami, mvua ikinyesha lori linalala Biharamulo. Meli inaondoka jioni, inafika Mwanza asubuhi, ndizi bado kijani, mama anauza sokoni siku hiyohiyo na kurudi. Kwa hiyo kila aliyekuwa na mkungu alikuwa na sababu ya kupanda. Na wengi hawakupandia Bukoba mjini, walipandia Kemondo.

MASANJA: Kemondo bandari ya ndizi.

KOKU: Ya ndizi na kahawa. Nimeiona usiku wa safari hii. Meli ikitia nanga Kemondo, ndipo unapoielewa safari yenyewe. Bukoba mjini unaona abiria na mabegi. Kemondo unaona mikungu imepangwa mirefu, imefungwa kwa magome yake, na akina mama wanaihesabu kwa sauti huku wapagazi wanaibeba wawili wawili.

MASANJA: Sasa tumefika la pili bila kupanga.

KOKU: Tumefika. MV Bukoba iliondoka jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, ikasafiri usiku kucha, na asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa imeshakaribia, ikapinduka. Meli iliyotengenezwa kubeba watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Hapo hujahesabu daraja la tatu, na daraja la tatu halikuwa na orodha.

MASANJA: Halikuandikwa kabisa.

KOKU: Kabisa. Ndiyo sababu mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, zaidi ya 800, wengine wanafika 1,000. Nani alikuwa daraja la tatu? Mwenye mkungu. Mwanafunzi. Mama anayekwenda kliniki Bugando. Mama yangu alikuwa na rafiki, walikuwa wanauza pamoja. Alipanda Kemondo. Mwili haukuonekana, na jina halipo kwenye karatasi yoyote, kwa hiyo kwa serikali yule mama hakusafiri. Mume wake alihangaika na hilo hadi akachoka.

MASANJA: Pole, dada.

KOKU: Na kuna jambo huwa linaniuma nikilifundisha. Kwenye meli ileile alikufa mtu anaitwa Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, mmoja wa makamanda wakubwa wa al-Qaeda. Wenzake walitumwa waje Mwanza kuhakikisha kama kweli amekufa. Na baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998, Wamarekani nao wakafuatilia habari za kifo chake. Yule ana jina kwenye vitabu vya mahakama za nje, ameandikwa, amethibitishwa. Mama wa Kemondo hana.

MASANJA: Hiyo sijawahi kuiweka hivyo kichwani.

KOKU: Ndiyo maana mama anauliza wamekuandika jina.

MASANJA: Mimi yangu ni ya upande wa huku. Tulikuwa tunakaa Igoma. Mtoto wa Igoma mwaka ule hakuambiwa kwa redio. Tuliona magari. Makaburi ya Igoma ninyi mnakuja tarehe 21 Mei kuweka mashada, sisi tulikuwa tunapita hapo kwenda shule. Baba alikwenda kusaidia kuchimba, alirudi hakula siku mbili. Na ilipita muda mrefu mtu wa kwetu hagusi samaki.

KOKU: Kama 1994.

MASANJA: Kama 1994, miili ilipokuja na mto Kagera kutoka Rwanda. Mara mbili ndani ya miaka miwili ziwa limetuletea watu. (Simu inaita.) Samahani. Mama Kulwa huyu. Naweka spika.

MAMA KULWA (kwenye simu): Bibi amekubali tufungue. Ila ziko katikati. Zingine zimeanza njano.

KOKU: Za njano mwachie bibi. Za kijani menya sasa hivi.

MAMA KULWA: Bibi anasema zote ziende pamoja, mkungu mmoja haugawanywi.

KOKU: Mpe simu bibi.

MASANJA: Hapana, hapana. Bibi akishika simu tutakaa hapa hadi magharibi. Mama Kulwa, fanya unavyoona.

MAMA KULWA: Wote mnaniachia mimi. Haya.

KOKU: Masanja, umewatelekeza.

MASANJA: Nimekabidhi madaraka. Tuendelee, maana kuna swali nililitaka tangu jana. Meli ilipopinduka haikuzama palepale. Ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa. Watu walisimama juu ya tumbo lake, na waliokuwa juu walisikia waliomo ndani wanagonga bati. Wakaamua kutoboa. Walipotoboa, hewa ikatoka, meli ikazama na waliomo.

KOKU: Ndivyo ilivyosimuliwa na wengi.

MASANJA: Mimi ni fundi, nachomelea vyuma pale Nyakato kila siku, kwa hiyo nasema kwa ninachokijua. Chukua kikombe, kifudikize kwenye ndoo ya maji, kinakataa kuzama, kwa sababu kimebeba hewa. Toboa kitako chake. Kinazama papo hapo. Hakuna fundi asiyelijua hilo. Haikupaswa kutobolewa. Unaishikilia kwanza. Unaleta chombo kingine upande huu, kingine upande huu, unafunga kamba za chuma, unaivuta taratibu ikaguse chini pasipo na kina, ndipo unakata.

KOKU: Masanja, chombo gani?

MASANJA: Ziwa hili lilikuwa na meli nyingine. Lilikuwa na vivuko.

KOKU: Vilivyokuwa wapi asubuhi ile? Unafika Igombe au Kayenze saa ngapi, na kamba gani, na nani anayejua kuifunga? Unazungumza kana kwamba kulikuwa na kikosi kimekaa bandarini kinasubiri. Hakikuwepo. Wazamiaji wa jeshi la maji la Afrika Kusini waliokuja, walikuja baadaye, kutoa miili. Wakati ule wa kugonga, aliyekuwa juu ya lile bati alikuwa mvuvi na askari na mtu wa bandari. Anasikia mtu anagonga chini ya miguu yake. Wewe ungesimama?

MASANJA: Ningesimama.

KOKU: Usingesimama.

MASANJA: Ningesimama, Koku, kwa sababu najua nikitoboa naua.

KOKU: Na usipotoboa wanakufa huku unawasikia. Hewa iliyomo ndani si ya milele. Mamia wanaivuta hiyohiyo. Unajuaje kwamba kamba zako zingefika kabla haijaisha?

MASANJA: Nakupa mfano wa hapahapa. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kinatoka Bugolora kwenda Bwisya, Ukara. Kimetengenezwa kubeba watu 101, kimebeba mara mbili na zaidi, kikapinduka karibu na gati. Walikufa watu 228. Lakini siku mbili baadaye wazamiaji wamemtoa fundi wa mitambo mzima, alikuwa kwenye mfuko wa hewa mle ndani. Siku mbili! Kile kivuko nacho kililala tumbo juu. Wangekitoboa siku ya kwanza, yule mtu asingekuwepo.

KOKU: Kile kilikuwa karibu na gati, hakikuwa na kina cha kuzama. Na yule alikuwa mtu mmoja kwenye chumba chake. Na usisahau jambo lingine la 2018. Siku ya kwanza giza lilipoingia uokoaji ulisimamishwa hadi asubuhi. Ndugu walikuwa ufukweni wanalia, wanasema wenzetu wako hai mle ndani mnawaacha. Wale waliosubiri walilaumiwa. Waliotoboa 1996 wanalaumiwa. Sasa mtu afanye nini?

MASANJA: Ajue kazi. Ndiyo ninachosema.

KOKU: Hapana, hicho sicho ulichosema. Umesema haikupaswa kutobolewa. Unawahukumu watu waliokuwa na nyundo mkononi.

MASANJA: Siwahukumu wao. Namhukumu aliyepaswa kuwepo pale akaamuru subirini.

KOKU: Huyo hakuwepo. Unamhukumu mtu ambaye hakuwepo, ni rahisi. Waliokuwepo walijaribu. Mimi nikifundisha sitawaambia watoto kwamba waliojaribu ndio waliozamisha meli. Meli ilizamishwa na mizigo, na watu kupakiwa bila hesabu, na walioiruhusu iondoke hivyo.

MASANJA: Kupinduka, ndiyo. Kuzama na waliobaki hai mle ndani, hapana. Ni vitu viwili. Na mwalimu ukivichanganya, mtoto wako akija kuwa mzamiaji atatoboa tena.

KOKU: Na wewe ukiliweka hivyo, mtoto wako akisikia mtu anagonga atakaa chini kusubiri mkubwa aje.

MASANJA: Akae.

KOKU: Akae?

MASANJA: Ndiyo. Akae, apige simu, alete kamba.

KOKU: Mimi siwezi kukubali hilo. Yule rafiki wa mama anaweza kuwa ndiye aliyekuwa anagonga.

MASANJA: Najua. Na mimi nasema huenda angetoka.

(Kimya.)

KOKU: Tuliache.

MASANJA: Tuliache, lakini sijakubali.

KOKU: Wala mimi. Tupokee maoni ya wasikilizaji, hasa watu wa Kayenze, Igombe, Bwiru. Ninyi mlikuwa na mitumbwi majini siku ile. Mlioyaona kwa macho, tutumieni ujumbe wa sauti. Hata kama mnakubaliana na Masanja.

MASANJA: La tatu. Hili nalipenda kwa sababu watu wa Mwanza wenyewe hawalijui. Aprili 1996 Mwalimu Nyerere, msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, aliwaleta hapa viongozi wa vyama viwili vikubwa, UPRONA na FRODEBU, wazungumze. Hapa Mwanza. Wakaondoka, wakarudi tena Juni.

KOKU: Juni mwanzoni. Wiki mbili tu baada ya meli.

MASANJA: Wiki mbili. Mji bado unazika, na wageni wanaletwa hapo kuzungumzia namna ya kuacha kuuana.

KOKU: Huwa nafikiri Mwalimu aliiona Mwanza siku zile. Na yeye mwenyewe mtu wa ziwa, Butiama si mbali. Lakini mazungumzo hayakuzaa. Julai 25 mwanajeshi Pierre Buyoya akapindua serikali kule Bujumbura, na mwisho wa mwezi wakuu wa nchi za ukanda huu wakakutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo. Arusha ndiyo iliyopata jina la mazungumzo. Mwanza ilianza, jina limekwenda kwingine.

MASANJA: Hapo ndipo ninapotaka siku moja tukae kipindi kizima. Kwa sababu baba... (Simu inaita.)

KOKU: Pokea.

MASANJA: Fundi mitambo ananionyesha dakika tano.

KOKU: Pokea, Masanja, mkungu wangu uko hatarini.

MAMA KULWA (kwenye simu): Nimemenya za kijani, ziko jikoni. Bibi amechukua za njano. Ila anauliza, mbona maganda yanadondosha utomvu, mikono yake imekuwa myeusi.

KOKU: Mwambie apake mafuta ya kula kabla ya kumenya. Pole sana kwa mama. Atoe kwa limau.

MAMA KULWA: Anasema michembe haina tabia hiyo.

MASANJA: Mwambie asante. Amesema kweli.

KOKU: Na asiende kulala kabla hajaonja!

MAMA KULWA: Nitamwambia. Kwaherini.

MASANJA: Koku, dakika nne. La nne, TRA. Sheria ilipita mwaka 1995, mamlaka ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kabla ya hapo kodi ilikusanywa na idara mbalimbali za wizara ya fedha, ushuru wa forodha huku, kodi ya mapato kule. Hiyo siku mimi kama mwenye karakana naikumbuka kila nikiandika risiti.

KOKU: Watu huiona kama habari kavu, lakini ukisoma Warioba na TRA pamoja unaona ni mwaka uleule serikali inajaribu kushika mlango wa mbele na wa nyuma kwa wakati mmoja. Ukitaka...

MASANJA: Hatuna muda. La tano.

KOKU: La tano linastahili saa nzima. Desemba 1996 serikali, pamoja na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikatangaza wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31. Mwaka 1994 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo watu kama 250,000 ndani ya saa 24, wakajaa Ngara, kambi ya Benaco ikawa mji. Sasa karibu nusu milioni wanarudishwa njia ileile kwa miguu. Kuna waliogeuka, wakaingia porini wakielekea ndani ya nchi, wakarudishwa. Mimi ni mtoto wa mkoa ule, na bado ndani ya ukoo wangu wapo wanaosema serikali ilifanya sawa, misitu imekwisha, visima vimekauka, na wapo wanaosema ukimrudisha mtu kwa nguvu hujamrudisha.

MASANJA: Na wewe uko upande gani?

KOKU: Hilo huwezi kuniuliza dakika ya tatu kabla ya mwisho.

MASANJA: Wiki ijayo.

KOKU: Wiki ijayo tuna yule mama wa mwalo wa Kirumba, wa dagaa. Tumeshamwahidi, na ameahirisha safari yake ya Musoma kwa ajili yetu.

MASANJA: Basi inayofuata. Wakimbizi na Burundi, pamoja, kipindi kizima, bila simu.

KOKU: Na mafunzo yako matatu?

MASANJA: Nimeyaandika vizuri, kwa kalamu.

KOKU: Soma la kwanza.

MASANJA: La kwanza linasema, "Kila chombo kinachopinduka kisitobolewe kabla..."

KOKU: Hapana. Hilo hatujakubaliana, halisomwi hewani kama fundisho la kipindi.

MASANJA: Ni fundisho langu.

KOKU: Litakuwa lako nje. Ndugu wasikilizaji, kama kwenu kuna mtu aliyepanda MV Bukoba daraja la tatu, na jina lake hamkuwahi kuliona kwenye orodha yoyote, tuandikieni mkipenda. Jina, na alipandia wapi, Bukoba au Kemondo. Kwa ridhaa ya familia tutayasoma yote kipindi cha karibu na tarehe 21 Mei, hata yakichukua kipindi kizima.

MASANJA: Hapo nakubaliana nawe mia kwa mia. Namba ya kutuma mnaifahamu. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, tafadhali, maana mara ya mwisho kuna mzee wa Sengerema alitutumia wa dakika 19.

KOKU: Na tuliusikiliza wote.

MASANJA: Tuliusikiliza wote. Fundi, kata.